Wenye Wimbo wa Hema la Tisa

Mliosoma wiki iliyopita mnajua niliishia wapi: benchi la nyuma kabisa la kanisa letu pale Tumba, pembezoni mwa Stockholm, peke yangu kama mgonjwa wa kuambukiza, nimevaa sare ya kwaya niliyokatazwa kuivaa. Ambao hamkusoma msijali, nawapa kwa ufupi.

Mimi ni Médiatrice. Nimezaliwa Burundi, nimekulia kambini Kigoma, na nimefika Uswidi nina miaka kumi na saba. Miaka minane nilikuwa mwimbaji wa mbele wa kwaya yetu ya Warundi. Na mitatu kati ya hiyo nilikuwa naimba kwa siri kwenye bendi ya Waswidi inayoitwa Vinterdäck, yaani matairi ya theluji. Msinicheke, jina sikulitunga mimi.

Muziki wao ni ule wanaouita new wave. Vinanda vya baridi, ngoma za mashine, na mwimbaji anaimba kama mtu aliyenuniwa nyumbani. Albamu ya kwanza walinunua mama zao. Ya pili, hii ya mwaka huu wa 2009, imelipuka tangu Machi. Ukiingia duka la viatu, ipo. Ukipanda treni, kijana wa pembeni yako anaisikiliza. Na ulioilipua ni wimbo mmoja tu, ule ninaouimba kwa Kiswahili.

Siri ikafa. Picha yangu ikatoka kwenye jarida, Mzee Zénon akaiona, kamati ya kwaya ikakaa, nikatupwa benchi la nyuma.

Sasa sikilizeni ya Jumapili.

"Médiatrice asimame," akasema Mzee Zénon.

Huyu ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya kwaya. Mtu wa kuheshimika, sikatai. Mjane, hacheki ovyo, hachelewi, na akipewa dakika tano za matangazo anakula arobaini.

"Dada yetu ana neno la toba," akaendelea. "Aseme mbele ya kanisa kwamba nyimbo za dunia ameacha, na bendi ameiacha. Akisema, Jumapili ijayo anarudi kwenye kwaya. Asiposema, ajue mwenyewe."

Nikasimama. Nilikuwa na hasira, jamani, hasira hadi masikio yanawaka.

"Bwana asifiwe."

"Amina," wakajibu watatu wanne.

"Bendi siachi."

Kanisa zima likaguna.

"Siachi, Mzee. Kama kuimba kwangu kumemkosea Mungu, atanieleza mwenyewe. Lakini kuna kosa nimelifanya kweli, na hilo hakuna aliyeniuliza. Ule wimbo uliovuma si wa bendi. Ni Hema la Tisa. Wimbo wetu wa kambini, wimbo wa Mama Concessa. Nimeutoa nje bila ya kumwambia, na kwenye albamu jina lake halipo. Hilo natubu. Lingine sitatubu hata mkiniweka nje kwenye maegesho."

Nikabaki nasubiri moto. Mzee Zénon akashika ukingo wa mimbari kama mtu aliyesimama ndani ya basi.

"Tuombe tufunge ibada," akasema.

Kufunga? Saa nane na nusu? Sisi hufunga saa kumi na moja, na mahubiri yalikuwa hayajaanza! Watu wakatazamana. Mimi nikadhani nimemshinda, nikajisikia mkubwa kweli. Nilikuwa sijui chochote.

Mama Concessa alikuwa tayari ameshachukua mkoba wake na kutoka.

Huyu mama ndiye aliyenifundisha kuimba nikiwa na miaka tisa. Alikuwa ananigonga mgongoni kwa vidole viwili kila nikikosa pumzi. Nilimkuta stesheni ya Tumba, amekaa kwenye benchi, treni inaondoka na yeye haangalii.

"Mama," nikasema, "ulikuwa unajua?"

"Tangu Aprili. Si unajua nasafisha ukumbi wa michezo wa ile shule ya Fisksätra? Mwalimu anawawashia watoto muziki wa kukimbilia. Mimi nimeshika ufagio wangu, nasikia sauti yako. Halafu nasikia wimbo wangu, mbio mbio, kama unafukuzwa na mbwa!"

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusubiri uje uniambie. Jumapili ya kwanza hukuja. Ya pili hukuja. Nikasema, labda mtoto ana aibu. Ilipofika ya kumi nikasema, ah, huyu hana aibu, huyu ana kiburi."

Nikalia pale pale. Watu wa Tumba wanapita na mifuko yao ya dukani, mimi nalia nimevaa sare ya kwaya.

Ngoja niwaeleze kosa lenyewe, maana msomaji ambaye hakulelewa kwenye kwaya atasema nilikuwa mwizi tangu siku ya kwanza.

Kwaya zetu haziandiki jina la mtunzi. Fungua daftari lolote, utakuta maneno tu. Jina linatajwa kwa mdomo. Kabla ya kuimba, mmoja anasogea mbele, anasalimia, anasema wimbo huu umetungwa na fulani wa mahali fulani. Ukishatangaza, umemaliza, haki ya mtu umempa. Hata kanda tulizorekodi kambini zilianza hivyo hivyo, tangazo kwanza, kinanda baadaye.

Basi nilipoingia studio ya Vinterdäck, nilifanya nilichozoea. Taa nyekundu ikawaka, nikasogea kwenye maikrofoni, nikatangaza kwa sauti safi: wimbo huu umetungwa na Mama Concessa Nahimana. Kila tuliporudia nilitangaza upya. Nikaamini kabisa tangazo litatoka kwenye albamu. Siku ambayo Torbjörn, meneja wa kampuni ya muziki, aliniuliza nani ametunga, nikamjibu kwamba ni wimbo wa zamani wa kwaya yetu. Akaandika kwamba ni wa asili, hauna mwenyewe. Kwa Waswidi hilo linamaanisha hakuna wa kuulizwa.

Ujinga huo mnaweza kunisamehe. Ila Machi albamu ilitoka. Nikaiwasha, tangazo hakuna. Nikageuza kasha, jina hakuna. Na nikanyamaza. Watu walikuwa wananipigia makofi, nikayapenda makofi. Hapo ndipo ujinga ulipogeuka dhambi, na dhambi hiyo ni yangu peke yangu.

Nilimweleza Mama yote, bila kuficha. Alinisikiliza mpaka treni mbili zikapita.

"Futa kamasi," akasema. "Wimbo ukiwa ndani ya kwaya ni wa wote. Ukitoka nje ya mlango, unatoka na jina. Nipeleke kwa hao watu."

Jumatano saa saba mchana tukawa mtaa wa Södermalm, mjini Stockholm, ghorofa ya tatu, ofisini kwa Torbjörn. Mama alivaa kitenge chake cha harusi za watu. Ylva, kiongozi wa bendi na mpiga kinanda, alikuwepo, na Armel pia, kijana wa kitongoji cha Jordbro anayepiga gitaa la besi. Armel wazazi wake ni Wanyarwanda, ila yeye Kiswahili chake ni cha kuombea maji.

Torbjörn akatuletea kahawa. Mswidi akitaka kukukatalia, anaanza na kahawa.

"Medi," akasema, jina langu refu linamshinda, "tungelizungumza hili baada ya ziara."

"Leo saa kumi mnapeleka chapa mpya kiwandani. Nakala elfu thelathini. Armel kaniambia."

"Ndiyo, na kasha limeshakamilika."

"Basi libadilishe. Jina la huyu mama liingie kabla ya saa kumi."

Akatabasamu kwa upole. "Kila wimbo ukivuma, anajitokeza mtu. Bila ushahidi siwezi."

Mama Concessa Kiswidi chake ni cha kazini, lakini macho ya mtu anayasoma vizuri sana.

"Ananiita mwongo?" akaniuliza.

"Karibu hivyo, Mama."

"Mwambie kahawa yake haina nguvu."

Sikulitafsiri hilo. Torbjörn akaegemea mbele. "Jumamosi tuna televisheni, Medi. Moja kwa moja, nchi nzima. Mwimbaji mwenye matatizo ni hatari. Tukilazimika, tutatafuta mwingine."

Looo! Damu ikanipanda.

"Mtafute," nikasema. "Nenda kamtafute hapa Stockholm mtu wa kuimba Hema la Tisa kabla ya Jumamosi. Nauli ya kwenda Tumba nitakulipia mimi mwenyewe. Ukifika kanisani uliza mwalimu wa wimbo huo ni nani, watakuonyesha huyu huyu unayemwona mwongo."

Ylva akainamisha uso. Torbjörn akawa mwekundu. Ndipo Armel akafungua kompyuta yake mapajani.

"Dada," akasema, "rekodi za studio ninazo. Zote, kuanzia mwanzo kabisa, kabla ya kukatwa."

Akabonyeza. Sauti yangu ikajaa ofisini: Bwana asifiwe, wimbo huu umetungwa na Mama Concessa Nahimana. Akabonyeza nyingine. Bwana asifiwe, Concessa Nahimana. Nyingine tena. Mara kumi na moja. Kuelewa hilo hakukuhitaji mkalimani.

Ylva akaziba mdomo. "Mimi ndiye niliyekata," akasema. "Nilidhani unajaribu maikrofoni. Nimekata jina la mtu mara kumi na moja, Torbjörn. Mpe fomu."

Torbjörn akatoa fomu. Mtunzi aandike jina, atie saini. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na robo. Nilitaka kupiga vigelegele. Mama akavaa miwani, akashika kalamu, akasogeza karatasi karibu.

Akaweka kalamu chini.

"Siandiki."

"Mama! Tumefika hapa halafu huandiki?"

"Hapa pana nafasi ya mtu mmoja, na watu ni wawili. Sauti ni yangu. Maneno si yangu."

"Ni ya nani?"

Akavua miwani. "Ya Zénon."

Nilicheka. Naapa, nilicheka kwa sauti, nikidhani ananitania. Mama hakucheka.

"Ulikuwa mdogo, hukumbuki," akasema. "Siku ile ya kuhesabiwa watu, hema letu la tisa lilirukwa. Halikuwa na mtu ndani. Wote tulikuwa makaburini tunamzika mke wa Zénon. Alikuwa amekufa kwa uzazi. Tuliporudi, wenye madaftari wameshaondoka. Jina hamna, chakula hamna, wiki tatu. Zénon amempakata mtoto mchanga aliyeachiwa. Na mtoto hakumaliza mwezi."

Ylva akaniuliza kuna nini. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri.

"Wakati huo Zénon alikuwa na gitaa," Mama akaendelea. "Akaandika maneno, mimi nikayatafutia sauti. Baadaye alipofanywa mzee wa kanisa akaniambia, Concessa, jina langu usilitaje tena kwenye wimbo ule. Yale hayakuwa maombi. Nilikuwa namgombeza Mungu, ndivyo alivyosema. Nikanyamaza. Tulipofika Uswidi akaufuta kabisa kwenye orodha ya kwaya, nikanyamaza vile vile. Lakini kwenye karatasi ya watu siwezi kuandika uongo."

Nikauimba kimoyomoyo, kwa mara ya kwanza nikiusikiliza. Walipotuhesabu walituruka, sisi wa hema la tisa. Na wewe uliyetuumba, ulikuwa umesimama wapi? Miezi mitatu nimewarusha watu juu kwa maneno hayo, mikono hewani, taa za rangi. Nilikuwa nawachezesha msiba wa Mzee Zénon. Nilitamani sakafu ifunguke.

Mama alikuwa ameshatoa simu. Akaiweka mezani, sote tukasikia. Mzee Zénon anaendesha mashine ya kubebea mizigo kwenye ghala moja la Jordbro, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na milio ya mashine.

"Zénon, ni mimi. Niko mjini na Médiatrice. Njoo, na kitambulisho chako."

Mashine yake ikazimwa.

"Ni ule wimbo?"

"Ndio ule."

"Nani amekutuma uniseme?"

"Hakuna. Nimechoka kuubeba peke yangu."

Simu ikakatika. Nikamtumia anwani ya ofisi kwa ujumbe.

Tukakaa. Saa tisa ikafika. Torbjörn akapigiwa na kiwanda mara mbili, mara zote akaomba wasubiri. Saa tisa na nusu Ylva akaenda dirishani kuangalia barabara. Mimi nilikuwa naomba asije, halafu naomba aje, halafu nashindwa kujua naomba nini.

Saa kumi kasoro robo mlango ukafunguliwa. Mzee Zénon, na koti lake la kazini la manjano linalong'aa, jasho usoni, kitambulisho mkononi. Hakunisalimia. Akakaa karibu na Mama Concessa.

Torbjörn akasoma fomu haraka haraka kwa Kiswidi cha ofisini. Kiswidi cha Mzee ni cha makontena na tahadhari za moto, hicho hakikuingia hata kidogo. Akanigeukia mimi nimtafsirie. Na hapo Torbjörn akanisogelea sikioni.

"Kuna kipengele cha pili," akaninong'oneza. "Mtunzi akikataa kutoa ruhusa, lazima tuutoe wimbo kwenye chapa mpya. Nimemwona huyu mzee anavyoniangalia. Usimtafsirie hicho. Mwambie ni fomu ya jina tu, asaini, twende."

Elewa nilipokuwa nimesimama, ndugu msomaji. Ukiutoa wimbo ule, albamu imekufa. Televisheni ya Jumamosi imekufa. Vinterdäck wanarudi kupigia watu ishirini kwenye ghorofa ya chini ya baa, na mimi narudi kuwa nani? Wa benchi la nyuma. Na aliyeshika kisu ni yule yule aliyeniweka huko. Nyamaza tu sentensi moja, Médiatrice. Si ulishanyamaza miezi mitatu?

Nikamwangalia Mama. Hakunisaidia. Alikuwa ananiangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia nina miaka tisa, kabla ya kunigonga mgongoni.

"Mzee," nikasema, "karatasi hii ina mambo mawili. La kwanza, unaandika kwamba maneno ni yako, jina lako linachapwa karibu na la Mama. La pili huyu bwana ameniomba nikufiche. Ukikataa kutoa ruhusa, wimbo unaondolewa. Bendi yangu inaweza kufa nao. Shauri yako, Mzee, una haki. Ila jina lako nitalitaja. Ukisaini, usisaini, ukinirudisha kwenye kwaya, usinirudishe, kuanzia leo kila nitakaposimama nitasema maneno haya ni ya Zénon."

"Umemwambia nini?" Torbjörn akauliza.

"Yote."

Akashika kichwa. Ylva, siwezi kusahau, alinishika mkono chini ya meza.

Mzee Zénon alipoongea, sauti haikuwa ile ya mimbarini.

"Watu wanaucheza?"

"Wanaucheza, Mzee. Wanaruka."

"Wanajua unasema nini?"

"Hawajui. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Na mimi sikuwahi kujiuliza."

Akatikisa kichwa taratibu. Akavua kofia.

"Nitasema na langu, Concessa awe shahidi. Wimbo huu wa bendi sijausikia. Nimemweka mtoto wa watu benchi la nyuma kwa picha ya jarida. Jumapili kanisani alipotaja Hema la Tisa, nilikosa pa kushika."

Akachukua kalamu. Torbjörn akavuta pumzi. Mzee akaizungusha vidoleni, kisha akailaza juu ya karatasi, katikati, haigusi upande wowote.

"Kabla sijaandika ndiyo au hapana, niwashieni," akasema. "Wote. Mpaka mwisho, asiniongeleshe mtu."

Ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Wimbo una dakika nne na sekunde kumi. Ylva akanyoosha mkono kwenye redio ya CD ya ofisini, akabonyeza.